Kusomea Ubingwa Bila Kuondoka Wodini

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, daktari wa upasuaji mstaafu, katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu)



Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya maendeleo ya tiba. Nilimjibu kwamba jambo hilo ni kubwa kuliko muda uliopo kabla ya chai, na kwa kuwa nawajua wenzangu, najua pia kwamba chai haisubiri. Kwa hiyo nimelipunguza. Nitasema juu ya jambo moja tu: je, daktari anaweza kusomea ubingwa akiwa hapo hapo kazini kwake, huku kwetu pwani, kwa njia ya mtandao wa kompyuta? Jibu langu ni kwamba anaweza, lakini kwa sharti moja, na sharti hilo aghalabu husahauliwa na wenye kuuza kompyuta na hata na wenye kupanga masomo.

Kwa faida ya wanafunzi nieleze kwanza taratibu zilivyo. Kijana akimaliza Kidato cha Sita na kuchaguliwa kusomea udaktari husoma miaka 5, kisha hufanya kazi mwaka 1 chini ya uangalizi wa wakubwa wake. Hapo ni daktari kamili. Anaweza kutibu malaria, kuzalisha na kufanya upasuaji wa dharura. Lakini akitaka kuwa bingwa wa upasuaji, au wa watoto, au wa magonjwa ya akina mama, sharti arudi shule miaka mingine 3 au 4, au hata zaidi. Kwa desturi tuliyoirithi, kurudi shule maana yake ni kufunga mizigo na kwenda Dar es Salaam au Moshi, au siku hizi Mwanza au Dodoma.

Na mimi nilifunga mizigo. Ilikuwa mwaka 1986, nikiwa katika hospitali moja ya wilaya katika pwani hii, ambayo sitaitaja kwa kuwa haina kosa. Watu wa kufungua tumbo la mgonjwa tulikuwa wawili tu, mimi na daktari msaidizi mmoja aliyekuwa na mikono mizuri kuliko yangu. Barua ya kuchaguliwa kwenda Muhimbili ilipofika tulifanya karamu ndogo ya wali na samaki, nikaagwa, nikapanda basi.

Mwaka wa pili wa masomo yangu nilipata barua kutoka kwa muuguzi mkuu wa hospitali ile. Daktari msaidizi alikuwa amehamishwa, na mwingine hajafika. Akaletwa mvuvi mmoja, mtu wa makamo, ana ngiri iliyonyongwa. Nieleze: utumbo hushuka na kutokeza katika kinena, na siku nyingine hubanwa pale penye tundu, damu ikashindwa kupita. Ukichelewa saa chache tu, kipande kile cha utumbo huoza. Upasuaji wake si mgumu. Kwa mtu aliyeuzoea ni kazi ya saa moja au mbili. Wakamtia katika gari kumleta Tanga mjini. Ilikuwa masika, barabara ni ya udongo, gari likakwama. Yule muuguzi aliandika mambo hayo yote katika ukurasa mmoja, bila kulaumu, na mwishoni akanisalimia na kunitakia heri katika mitihani.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka siku ile mimi nilikuwa katika mhadhara gani. Sikumbuki. Nilipohitimu nilipangiwa hospitali kubwa mjini, na sikurudi tena katika hospitali ile ila kwa kuitembelea.

Naisimulia habari hii kwa sababu ndiyo hesabu ya nchi yetu nzima. Ili kumpata bingwa mmoja tulikuwa tunaondoa daktari mmoja mahali ambapo wako wawili, na akishakuwa bingwa hatumrudishi. Msidhani kwamba wote hukimbilia Ulaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia madaktari wa upasuaji waliohitimu katika nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika tangu mwaka 1974 hadi 2013, ukakuta kwamba kiasi cha asilimia 85 wamebaki katika nchi zile zile walizosomea. Hawakukimbia nchi. Walikimbia wilaya. Walibaki katika miji mikubwa, kama nilivyobaki mimi. Na jumla yao ni ndogo: uchunguzi mwingine wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika nchi hizo hatukufikia hata bingwa mmoja wa upasuaji kwa kila watu 100,000. Kamisheni ya jarida la Lancet mwaka 2015 ilitaja kuwa inafaa wawepo angalau 20 kwa kila watu 100,000, wakihesabiwa pamoja na mabingwa wa usingizi na wa uzazi. Pima mwenyewe umbali huo.

Sasa, kusoma kwa mbali si jambo geni kwetu. Wenzangu wa rika langu mtakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Baba yangu alikuwa katika kikundi kimoja huko Ngamiani. Jioni walikusanyika barazani, redio moja juu ya stuli, wakasikiliza kipindi kutoka Radio Tanzania, kisha wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba choo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ndiyo iliyoandaa, na watu kiasi cha milioni 2 walishiriki nchi nzima. Watu husimulia redio ile kama kwamba ndiyo iliyofanya kazi. Mimi nasema hapana. Waandaaji hawakutegemea redio peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kijitabu chake, na kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kabla, na viongozi hao walikuwa kiasi cha 75,000. Redio ilipozimwa, kiongozi alibaki pale barazani, na ndiye aliyeuliza kesho yake: je, choo kimefika futi ngapi? Liwekeni jambo hilo akilini, nitalirudia.

Madaktari nao walikuwa na namna yao. Shirika la AMREF, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957 pamoja na madaktari wake wa ndege, liliweka redio za upepo katika hospitali za mbali, hasa za misheni, na daktari aliyekuwa peke yake porini aliweza kuuliza jambo na kujibiwa. Sauti ilikwaruza, na kila mwenye redio alisikia siri za mgonjwa wako, lakini ushauri ulifika. Na AMREF hao hao, mwaka 2005, walianza nchini Kenya mpango wa kuwaendeleza wauguzi kwa njia ya kompyuta, shabaha ikiwa wauguzi 22,000 wapande daraja bila kuacha vituo vyao. Wauguzi walitutangulia madaktari katika jambo hili, na si hili peke yake.

Kilichobadilisha mambo kwetu ni waya. Sisi watu wa Tanga tulilelewa na mkonge. Mwaka 2009 ukaja mkongo. Mwezi wa Julai mwaka huo waya wa SEACOM, uliopita chini ya Bahari ya Hindi, uliwashwa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Kabla ya hapo mawasiliano yetu ya intaneti na nchi za nje yalipitia angani kwa setilaiti, ghali na ya kusuasua, na picha moja ya eksirei ilichukua muda wa kunywa chai vikombe viwili. Waya ukatandazwa pia nchini. Vyuo vyetu vikaamka. KCMC ya Moshi, pamoja na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, kuanzia mwaka 2010 ilianza kuweka masomo yake katika kompyuta kwa msaada wa serikali ya Marekani. Muhimbili nayo ikafanya yake. Mwezi Machi mwaka 2020, vyuo vyote vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona hadi tarehe 1 Juni, hata maprofesa waliokuwa wakiapa kwamba hawatafundisha kwa kompyuta walijifunza kuiwasha.

Lakini ninalotaka kulikazia ni chuo kimoja ambacho wengi wenu hamjakisikia, kwa sababu hakina majengo ya kupigia picha. Kinaitwa COSECSA, yaani Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika. Kiliundwa mwaka 1999, kikizaliwa na chama cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki kilichokuwapo tangu mwaka 1950, na ofisi yake kuu iko Arusha. Mwanafunzi wake haendi Arusha kukaa. Anabaki katika hospitali iliyokaguliwa na kukubaliwa na chuo, anaendelea kutibu watu na kula mshahara wake, huku akisoma. Hatua ya kwanza ni miaka 2, na ya pili, ya ubingwa wenyewe, ni miaka 3. Wenyewe wanasema ni chuo kisicho na kuta. Tangu mwaka 2007 kinashirikiana na Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Ireland, kwa msaada wa serikali ya nchi hiyo, na tunda moja la ushirikiano huo ni shule yao ya mtandaoni. Humo wanafunzi hupewa visa vya wagonjwa wavijadili, husoma majarida pamoja, na kila upasuaji wanaoufanya huuandika katika daftari la kielektroniki ambalo wakubwa wao hulikagua.

Yupo kijana mmoja aliyesoma hapa hapa, ambaye ameipita njia hiyo katika hospitali mojawapo ya kaskazini. Jina lake sitalitaja, kwa sababu yumo humu ukumbini na ni mwenye haya. Alinisimulia jinsi alivyosoma. Aliamka saa tisa usiku, kwa kuwa wakati huo kifurushi cha intaneti, au kama mnavyosema vijana, bando, ni rahisi na laini haina msongamano. Akachemsha kahawa, akafungua kisa cha mgonjwa. Mwenzake wa Malawi amejibu hivi, wa Rwanda amekataa, wa Zambia anauliza kama mgonjwa alipimwa damu. Saa kumi na moja na nusu akafunga kompyuta, akaoga, akaenda wodini, na asubuhi hiyo hiyo, mara nyingine, alimkuta kitandani mgonjwa mwenye mambo yale yale waliyokuwa wakibishania usiku. Hilo ndugu zangu ni jambo ambalo mimi sikulipata Muhimbili. Mimi nilisoma leo, nikamwona mgonjwa wa namna hiyo baada ya miaka 2, nikiwa nimeshasahau nusu.

Siku moja yeye ndiye aliyetoa kisa. Akaeleza habari za mzee mwenye busha la miaka mingi. Nyinyi mnacheka, lakini matende na mabusha ni ugonjwa wa kweli, unaoletwa na minyoo wadogo wanaoenezwa na mbu, na pwani yetu imeteswa nao tangu enzi za mababu. Daktari wa Tanga huyaona mabusha kama mwenye duka anavyoona sukari. Kumbe wenzake wa nyanda za juu, wengine waliokaribia mtihani wa mwisho, hawajawahi kulipasua hata moja. Wakamuuliza maswali wiki nzima: ngozi unaikata wapi, damu unaizuiaje, mgonjwa unamruhusu lini kurudi baharini. Kijana wa pwani akageuka mwalimu. Aliniambia, «Mzee, siku hiyo ndipo nilipoacha kuona aibu kwamba sisomei mjini.»

Tena mtindo huo wa kila mtu kuleta mgonjwa wake si wetu peke yetu. Huko Marekani, katika jimbo la New Mexico, daktari mmoja aitwaye Sanjeev Arora mwaka 2003 alianza kuwakutanisha kwa njia ya mtandao madaktari wa vijijini waliokuwa na wagonjwa wa homa ya ini ya aina ya C, ambao foleni yao ya kumwona bingwa ilikuwa ya miezi. Mpango huo waliuita ECHO. Mwaka 2011 walichapisha matokeo: wagonjwa waliotibiwa na madaktari hao wa vijijini walipona sawasawa na waliotibiwa na mabingwa wa chuo kikuu. Nchi tajiri nayo ina wilaya zake.

Naam, sasa nije kwenye machungu yake, maana nikinyamaza hapa nitakuwa nimewauzia mbuzi gizani.

La kwanza ni muda. Kijana wetu alisoma saa tisa usiku si kwa sababu ya bando tu. Alisoma saa hiyo kwa sababu mchana hakuna aliyehesabu kusoma kwake kuwa ni kazi. Niliyekwenda Muhimbili, wote waliniita mwanafunzi na wakaniacha nisome. Anayesoma wodini anaitwa daktari kama kawaida, na zamu zake ni zile zile. Nimekwenda hospitali moja ambako mkubwa wa pale aliniambia, kwa hasira ya kweli, kwamba daktari wake mmoja kutwa yuko katika simu anaangalia mpira. Nikamwita yule daktari. Alikuwa katika mjadala wa saratani ya utumbo. Alipokuwa akiitwa chumba cha upasuaji katikati ya somo, mtandao ulimwandika mtoro. Alipokawia dakika 10 ili amalize somo, hospitali ilimwandika mzembe. Mtu hawezi kuishi hivyo miaka 5. Wengine huacha, na wanapoacha husemwa kwamba hawakuwa na bidii.

Umeme na bei ya bando mnavijua wenyewe; sina haja ya kuvieleza kwa watu wa Tanga.

La pili ndilo lile sharti nililolitaja. Baada ya kustaafu nilialikwa kwenda kusaidia siku moja kwa juma katika hospitali fulani. Nikapewa kijana wa kufanya naye kazi. Alikuwa na elimu ya kunishangaza. Ngiri alikuwa ameitazama ikipasuliwa katika kompyuta mara 11, kwa mikono ya mabingwa wa nchi 4. Tulipofungua, kila tabaka alilitaja jina kabla sijalifikia. Nikampa sindano na uzi ashone. Akavuta, uzi ukakata nyama kama waya unavyokata sabuni. Akajaribu tena, ukakata tena. Jasho likamtoka. Akaniambia kwa sauti ndogo, «Kwenye video ilikuwa rahisi.»

Kwenye video hakuna uzito. Hakuna joto la tumbo, hakuna harufu ambayo ndiyo inayokuambia kwamba utumbo umeoza hata kabla hujauona, na uzi hauvuti kidole chako. Niliweka mkono wangu juu ya mkono wake, tukavuta pamoja mara tatu, hadi akahisi pale ambapo nyama inasema basi. Mara ya nne nikaondoa mkono. Jioni nikamwonyesha tulivyofanya sisi: unachukua uzi wa katani, ambao Tanga haujakosekana hata leo, unaufunga mguu wa kiti kwa mkono mmoja, macho yakiwa penginepo, fundo mia moja kila usiku. Baada ya miezi mitatu alikuwa akinishinda kasi, na akawa anaona vibaya ninapokawia.

Kwa hiyo sharti ni hilo. Mtandao waweza kuleta akili za Dublin, Kampala na Moshi hadi juu ya meza yako, na kuzileta mpya kila siku. Mkono hauwezi kuuleta. Lazima awepo pale hospitalini mkubwa wa kazi, mwenye subira, na saa zake ziandikwe katika ratiba. COSECSA wenyewe walilitambua hilo tangu mwanzo: hospitali isiyo na mkufunzi wa upasuaji haikubaliwi kuwa mahali pa kusomea. Chuo kisicho na kuta hawakusema ni chuo kisicho na mwalimu. Wale wanaotuambia kwamba tununue kompyuta kumi, tuzifunge katika chumba chenye zulia na kukata utepe, na mabingwa watatokea humo wakiwa tayari, wamesahau kiongozi wa kikundi wa mwaka 1973. Wamechukua redio wakamwacha mtu. Na nimewahi kukiona chumba cha namna hiyo, zulia bado jipya, mlango una kufuli, ufunguo uko kwa ofisa ambaye yuko safarini.

Kuna jambo la mwisho, nalo latuhusu hasa sisi watu wa mkoa huu, kwa sababu mtu aweza kudhani kwamba maarifa yote yanatoka mbali na sisi kazi yetu ni kuyapokea. Muheza, mwendo usiozidi saa moja kwa gari kutoka hapa, ipo Hospitali Teule. Hospitali hiyo ilikuwa moja kati ya sita, nyingine zikiwa Kilifi katika Kenya, na Mulago, Soroti, Mbale na Lacor katika Uganda, zilizofanya utafiti ulioitwa FEAST. Vitabu tulivyosomea sisi sote vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vizuri, apewe maji ya dripu kwa wingi na kwa kasi. Hakuna aliyekuwa amelipima jambo hilo barabara kwa watoto wa Afrika. Wakalipima, kwa watoto zaidi ya 3,000. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Katika kila watoto 100 waliopewa maji kwa kasi walikufa 10 au 11 ndani ya saa 48. Katika kila 100 ambao hawakupewa kwa kasi walikufa 7. Tiba yetu njema ilikuwa inaua. (Watoto wenye kuhara hawakuwamo katika utafiti huo, kwa hiyo asitoke mtu hapa akamnyima maji mtoto anayehara.)

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida moja kubwa la Marekani. Hebu fikirini daktari wawili katika mkoa huu mwaka ule. Mmoja yuko katika masomo ya mtandao, na kisa hicho kinajadiliwa juma hilo hilo. Mwingine ana kitabu chake kabatini, kizuri, chenye jalada gumu, nacho kinamwambia aongeze kasi ya dripu. Wote ni watu wema, wote wana bidii. Ukweli ulitoka Muheza, ukaenda ng'ambo, na ili urudi Tanga ulihitaji waya. Nyinyi mnaosoma Baiolojia hapa, mkienda matembezi ya shule kwenye milima ya Amani mtapita Muheza. Itazameni hospitali ile mnapopita.

Ndugu Mwenyekiti, unanitazama na unaitazama saa. Nakaribia.

Mweka Hazina amenionya nisiombe fedha, kwa kuwa michango ya kutengeneza paa la bweni bado haijatimia. Siombi fedha. Naomba saa. Humu ukumbini nimewahesabu wastaafu wenzangu wa tiba sita, wakiwamo wawili wa nusu kaputi na mmoja aliyezalisha nusu ya watu wa Chumbageni. Wapo mafundi umeme wanaojua kufunga betri na sola. Wapo pia, nawaona, waliokuwa maofisa utumishi, ambao wanajua jinsi ratiba ya kazi inavyoandikwa na jinsi saa nne za masomo kwa juma zinavyoweza kuingizwa humo kihalali, daktari asiitwe mzembe. Madaktari vijana wanaosomea ubingwa wakiwa kazini katika mkoa huu wanahitaji mtu wa kusimama upande wa pili wa meza, siku moja moja, bila malipo isipokuwa nauli.

Karatasi iko mezani kwa Katibu, karibu na birika. Juu yake nimeandika jina langu, siku ya Jumatano. Jumanne pameshajazwa na Mzee wetu wa nusu kaputi, ambaye aliiandika kabla sijamwomba. Jumatatu, Alhamisi na Ijumaa ziko wazi, na kalamu nimeiacha hapo hapo.